DeWitt Clinton, Gavana wa Mfereji

Muhula uliopita, katika Chama chetu cha Majadiliano, tulibishana jioni nzima juu ya swali hili: ikiwa serikali ya jimbo ina fedha za kutosha kazi moja kubwa tu, ijenge nini? Kila mtu alisimama akatetea kile kinachokosekana nyumbani kwao. Wa milimani tulitaka barabara, wa ziwani walitaka gati, na mmoja alitaka hospitali kwa kuwa mama yake ni mwuguzi. Mwisho tulipiga kura, na wa ziwani wakashinda kwa sababu walikuwa wengi, wala si kwa sababu ya hoja zao. Mimi ni mtu wa milimani, na usiku ule sikulala vizuri.

Baadaye nilipata kusoma habari za mtu mmoja wa Marekani ambaye swali hilo hilo lilimshughulisha miaka kumi na mitano, naye hakulishughulikia kwa mchezo wa shule, bali kwa fedha za watu. Jina lake ni DeWitt Clinton. Wenzangu wengi hawajamsikia, basi nimeona vema niwaandikie habari zake.

Alizaliwa tarehe 2 Machi 1769 mahali paitwapo Little Britain, katika New York, wakati nchi ile ilipokuwa ingali chini ya Mfalme wa Uingereza. Baba yake, James Clinton, alikuwa jemadari katika vita vya kujitawala. Baba yake mdogo, George Clinton, ndiye aliyekuwa Gavana wa kwanza wa jimbo la New York. Kijana DeWitt alimaliza masomo katika chuo cha Columbia mwaka 1786, akiwa na miaka kumi na saba tu, akasoma sheria, kisha akawa karani wa Gavana, yaani wa baba yake mdogo. Hivyo mlango wa kwanza alifunguliwa na jamaa zake, na hatuna haja ya kulificha jambo hilo. Lakini milango iliyofuata aliigonga mwenyewe. Aliingia katika baraza la jimbo, akawa Seneta katika baraza kuu la taifa mwaka 1802, na mwaka uliofuata akaacha kiti kile ili awe Meya wa mji wa New York. Umeya aliushika kwa vipindi mpaka mwaka 1815, na mwaka 1805 alikuwa miongoni mwa watu walioanzisha chama cha kufungua shule za bure kwa watoto wa maskini.

Alikuwa mtu mrefu, mnene, mwenye elimu nyingi na majivuno yasiyopungua elimu yake. Adui alijipatia kwa urahisi. Mwaka 1812 aligombea urais wa nchi nzima akashindwa na James Madison, na mwaka 1815 wapinzani wake wakamwondolea umeya. Wengi walidhani habari zake zimekwisha.

Sasa yafaa nieleze jinsi nchi ile ilivyo, maana bila hilo hamtaelewa shauri lenyewe. Mji wa New York uko pwani, kwenye kinywa cha mto Hudson. Mto huo hupitika kwa vyombo mpaka Albany, wapata maili 150 kwenda kaskazini. Mbali magharibi liko ziwa Erie, na nyuma yake nchi pana yenye udongo mzuri, ambako wakulima walikuwa wakihamia kwa maelfu. Mkulima wa huko alivuna ngano nyingi, lakini kuileta pwani kwa magari ya farasi, katika njia za matope, kulimgharimu karibu dola 100 kwa tani moja. Kwa hiyo ngano iliozea ghalani, au iligeuzwa pombe, au iliteremshwa kwa mito kwenda nchi nyingine. Kati ya Albany na ziwa Erie hakuna mlima mkubwa wa kuziba njia, na hilo ni jambo la ajabu katika sehemu ile ya Marekani, kwani kaskazini na kusini yake milima imesimama kama ukuta. Ila ziwa liko juu ya mto Hudson kwa futi zipatazo 565.

Wazo la kuchimba mfereji halikuwa la Clinton. Miongoni mwa waliolieneza alikuwa mfanya biashara wa unga aitwaye Jesse Hawley, aliyefilisika kwa ajili ya gharama za uchukuzi akafungwa kwa madeni. Akiwa kifungoni, katika miaka ya 1807 na 1808, aliandika makala kumi na nne gazetini kuonyesha njia ambayo mfereji ungeweza kupita. Napenda sana habari ya mtu huyu. Yeye aliyeumizwa na barabara mbaya ndiye aliyejua thamani ya njia njema.

Mwaka 1810 baraza la jimbo liliteua tume ya watu saba wakaitazame nchi, na Clinton alikuwa mmoja wao. Walisafiri majira ya joto yale toka Albany hata ziwani, wakalala katika nyumba za wageni zenye kunguni na mbu, wakapima, wakaandika. Hapo ndipo shauri la kwanza lilipozuka. Ilikuwapo njia fupi na rahisi zaidi, nayo ni kuchimba mpaka ziwa Ontario tu, kisha vyombo vipite ziwani. Watu wengi wenye akili waliitaka njia hiyo. Lakini tume ilifikiri hivi: bidhaa zikiisha fika ziwa Ontario, zitateremka kwa mto wa Saint Lawrence mpaka Montreal, mji wa Waingereza, na jimbo la New York litakuwa limetumia fedha zake kumtajirisha jirani. Kwa hiyo wakachagua njia ndefu ya bara, maili 363, urefu unaozidi kidogo ule wa reli ya zamani toka Mombasa mpaka Nairobi. Kumbe njia ya bei ndogo si lazima iwe ndiyo isiyo ghali.

Fedha zitoke wapi? Kwanza Clinton na mwenzake Gouverneur Morris walikwenda Washington kuomba msaada wa serikali kuu, mwishoni mwa mwaka 1811. Walirudi mikono mitupu. Rais Jefferson, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha maliza zamu yake, alikuwa amekwisha sema zamani kwamba jambo hili ni jema lakini limekuja mapema miaka mia. Kisha vikaja vita na Uingereza mwaka 1812, na mambo yote yakasimama.

Vita vilipokwisha, Clinton hakuwa na kazi ya serikali iliyomlipa. Mwisho wa mwaka 1815 alikutana na wafanya biashara katika hoteli moja mjini New York, akapewa kazi ya kuandika ombi kwa baraza la jimbo. Aliandika kwa hesabu zaidi kuliko kwa maneno matamu: gharama ya kuchukua tani moja kwa gari, gharama yake kwa chombo cha majini, fedha zitakazohitajika, na ushuru utakaoingia. Alikadiria kazi nzima kuwa dola milioni sita. Ombi lilipelekwa vijijini kote, na watu zaidi ya 100,000 wakatia sahihi zao.

Hata hivyo ubishi ulikuwa mkali, nami sipendi kuwaonyesha wapinzani kama kwamba walikuwa wajinga. Hawakuwa wajinga. Katika Marekani yote hapakuwa na mfereji uliofikia hata maili thelathini. Dola milioni sita zilikuwa mzigo mzito kwa jimbo lenye watu wasiofika milioni moja na nusu. Wakulima wa kusini mwa jimbo na wa kisiwa cha Long Island waliuliza kwa nini walipe kodi kwa ajili ya kitu kisichopita kwao, tena kitakacholeta ngano ya bei ndogo kushindana na ngano yao. Na wajumbe wa mji wa New York wenyewe walipiga kura ya kupinga! Mji ambao baadaye ulipata faida kupita wote ndio ulioogopa zaidi. Walimcheka Clinton, wakauita mfereji shimo lake.

Tarehe 3 Machi 1817, Rais Madison aliukataa muswada ambao ungeipa nchi fedha za njia na mifereji, akisema katiba haiipi serikali kuu ruhusa hiyo. Basi jimbo likajua kuwa litakwenda peke yake au halitakwenda. Katika baraza, Martin Van Buren, adui mkubwa wa Clinton katika siasa, alisimama akatetea mfereji, na alipoketi Clinton alimwendea akampa mkono. Jambo hili lanifurahisha, ijapokuwa uadui wao haukuisha. Sheria ilipitishwa tarehe 15 Aprili 1817. Lakini kabla haijawa sheria kamili ilipita mbele ya majaji na wakubwa waliokuwa na haki ya kuikataa. Wawili walikuwa upande huu, wawili upande ule, na wa tano, Jaji James Kent, alikuwa akisitasita. Yasimuliwa kuwa Makamu wa Rais, Daniel Tompkins, aliingia akasema ni afadhali fedha ziwekwe kwa vita vingine na Uingereza. Kent aliposikia hivyo aliamua ya kuwa, kama ni kuchagua kati ya vita na mfereji, yeye yu upande wa mfereji.

Jinsi walivyopanga fedha ni jambo la kuangaliwa. Hawakuchota tu katika hazina ya kila siku. Walifanya mfuko wa peke yake, wakautengea ushuru wa chumvi iliyopikwa jimboni, senti kumi na mbili na nusu kwa kila pishi kubwa lao, na ushuru wa mnada, na kodi ya wasafiri wa meli za moshi. Mapato hayo yalikuwa ya kulipa riba. Kazi yenyewe ilifanywa kwa fedha za mkopo, na hati za mkopo ule ziliuzwa kwa yeyote aliyetaka. Mwanzoni matajiri walisita, na hati nyingi zilinunuliwa kwa akiba za watu wadogo, wengine kwa njia ya benki yao ya akiba. Kwa hiyo mama aliyenunua chumvi ya kupikia alichangia, na fundi aliyeweka akiba alichangia. Nadhani ndiyo sababu watu waliuona mfereji kuwa mali yao.

Mwaka ule ule Clinton alichaguliwa Gavana kwa kura nyingi mno, na tarehe 4 Julai 1817 kazi ikaanza karibu na kijiji cha Rome. Angalieni hapo. Rome haiko ziwani, wala haiko mtoni Hudson. Iko katikati. Kwa nini mtu aanze katikati? Kwa sababu huko nchi ni tambarare, haina mwamba, na hazikuhitajika kazi nyingi za mawe. Clinton alijua ya kuwa baraza huchaguliwa tena na tena, na mwaka wowote wapinzani waweza kupata wingi na kuzuia fedha. Akataka watu waone maji na chombo kinaelea kabla hawajachoka. Mwezi wa Oktoba 1819 chombo cha kwanza kilisafiri toka Rome mpaka Utica, na watu wakasimama kandokando wakishangilia. Baada ya hapo kusema kwamba jambo hili haliwezekani kulikuwa kugumu.

Mainjinia waliosomea hawakuwako. Benjamin Wright na James Geddes, waliosimamia, walikuwa mawakili na wapima mashamba. Kijana Canvass White alikwenda Uingereza, akatembea kwa miguu kando ya mifereji ya huko akichora alichoona. Aliporudi, karibu na Chittenango likapatikana jiwe ambalo likichomwa na kusagwa hutoa saruji inayoshika hata ndani ya maji. Kazi iligawanywa vipande vidogo vidogo, na wakulima wa mahali hapo wakapewa mikataba. Walivumbua vyombo vya kung'olea visiki kwa nguvu ya ng'ombe na farasi. Baadaye walikuja Waairishi wengi. Katika mabwawa ya Montezuma, mwaka 1819, watu wapatao elfu moja walishikwa na homa, na wengi walikufa. Sisi tunaoijua malaria hatuhitaji kuelezwa. Makaburi yao hayana majina. Wala tusisahau kuwa nchi iliyopitwa na mfereji ilikuwa ya Waoneida, Waonondaga, Waseneca na ndugu zao, waliokwisha nyang'anywa sehemu kubwa ya ardhi kwa mikataba. Clinton alikuwa amewahi kutoa hotuba ndefu ya kusifu mila na mashauri ya watu hao, mwaka 1811. Lakini mfereji wake ndio ulioleta wageni wengi zaidi juu yao. Katika maisha yake jambo hili silioni kuwa la kusifiwa.

Kila mji ulitaka mfereji upite mlangoni pake. Huko ziwani, Buffalo na Black Rock zilishindana juu ya mwisho wa mfereji uwe wapi. Black Rock ulikuwa mji wa Peter Porter, mjumbe mmoja wa ile tume ya 1810, tena ndiye aliyegombea ugavana na Clinton. Watu wa Buffalo hawakungoja. Walikopa fedha, wakajijengea bandari wenyewe kwa magogo na mawe, nao ndio waliochaguliwa. Mahali paitwapo sasa Lockport walikuta ukuta wa mwamba, wakajenga ngazi ya vyumba vitano vya maji, kimoja juu ya kingine, viwili viwili, ili chombo kinachopanda kisimzuie kinachoshuka. Chombo huingia chumbani, lango hufungwa, maji hujazwa, nacho huinuka polepole kama mtu anayeinuliwa na wimbi. Vyumba vya namna hiyo vilikuwa 83 katika mfereji mzima.

Mwaka 1822 Clinton hakugombea ugavana tena, kwa kuwa wapinzani walikuwa wamepata nguvu. Alibaki katika tume ya mfereji, ambako alikuwa ametumika tangu 1810 bila mshahara. Tarehe 12 Aprili 1824, siku ya mwisho ya kikao, baraza lilimfukuza hata katika kazi hiyo. Walidhani wamemzika. Badala yake watu walikasirika mijini na vijijini, hata wale wasiompenda, maana waliona ni aibu kumfukuza mtu asiyelipwa kitu, na kazi ikiwa karibu kwisha. Mwezi wa Novemba wakamrudisha katika ugavana.

Hivyo ndivyo ilivyotokea kwamba tarehe 26 Oktoba 1825 alikuwa yeye aliyepanda chombo Seneca Chief huko Buffalo. Simu za waya hazikuwako bado, kwa hiyo mizinga ilipangwa njia nzima, mmoja ukisikia wa pili nao unalia, na habari ikafika New York kwa saa moja na dakika chache. Gavana mwenyewe alifika tarehe 4 Novemba, akamwaga pipa la maji ya ziwa Erie katika bahari. Mfereji ulikuwa na upana wa futi arobaini juu na kina cha futi nne tu, nao uligharimu dola milioni saba na zaidi kidogo. Alikuwa amekosea hesabu kwa milioni moja, lakini gharama ya tani moja toka Buffalo ilishuka kutoka dola 100 mpaka chini ya dola 10. Kijiji cha Rochester, kilichokuwa na watu 1,500 mwaka 1820, kilikuwa na zaidi ya 9,000 mwaka 1830.

Wale wa kusini mwa jimbo walikuja wakadai sehemu yao, na Clinton alikubali ya kuwa wana haki. Mwaka 1825 alishauri ijengwe barabara kubwa ya serikali kupita katika wilaya zao. Wapimaji walipelekwa, lakini mwaka uliofuata baraza halikutoa fedha. Mimi, kama mtu wa milimani, hapa namlaumu kidogo. Kwa mfereji alipigana miaka kumi na mitano. Kwa barabara ile sioni kwamba alipigana hivyo.

Alifariki kwa ghafula nyumbani kwake Albany tarehe 11 Februari 1828, akiwa bado Gavana, umri wake miaka 58. Aliacha madeni, na vitu vya nyumba yake viliuzwa ili kuyalipa. Jamaa zake hawakuwa na fedha za kaburi, hivyo maiti yake ikalazwa katika kaburi la jamaa ya watu wengine.

Ilipofika mwaka 1837 ushuru ulikuwa umetosha kulipa deni lote la kuuchimba. Majimbo mengine yakauona utajiri ule yakataka kufanya vivyo hivyo. Indiana ilipitisha sheria mwaka 1836 ya kukopa dola milioni kumi. Kwa kuwa kila wilaya ilitaka fungu lake ndipo ipige kura, waliamua kuchimba mifereji, kujenga reli na kutengeneza barabara, yote kwa mara moja. Mwaka 1841 jimbo lile lilishindwa kulipa riba, na sehemu kubwa ya kazi zikaachwa nusu. New York yenyewe ilikuwa imeongeza mifereji midogo kuwaridhisha watu wa wilaya mbalimbali, nayo mingi haikulipa gharama zake, hata mwaka 1842 ikabidi kazi zisimamishwe.

Mwaka 1844 mifupa ya Clinton ilitolewa Albany ikapelekwa Brooklyn, katika makaburi ya Green-Wood, na miaka michache baadaye ikasimamishwa sanamu yake ya shaba. Ilipochukuliwa, vyombo vya ngano vilikuwa vingali vikifika Albany toka ziwani, na kila kimoja kilikuwa kimelipa ushuru njiani.